Vidole Viwili Juu, Vidole Viwili Chini

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijauliza hali yako, kuna jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, nami naliweka hapa juu kabisa nisije nikapata nafasi ya kulikimbia. Timazi lako liko kwangu. Lile la shaba na uzi, la kupimia kuta, ulilolitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, ukasema atakayelihitaji alichukue. Mama anaamini ulirudi ukalichukua mwenyewe. Hukurudi. Nililichukua mimi, nikalitia ndani ya soksi, nikalificha kwenye sanduku la vitabu vyangu, na kwa mwaka mmoja na miezi minne limelala humo kati ya kamusi na atlasi. Hilo nimeshalisema. Kuna lingine kubwa zaidi, lakini hilo bado linanikwama kooni, kwa hiyo naomba usome taratibu, nami nitalifikia.

Sasa salamu. U hali gani, kaka? Mgongo wako vipi? Mara ya mwisho ulimwambia mama kwamba magunia ya hapo ghalani ni mazito lakini yanakupa usingizi. Sisi huku wazima. Goti la mama linamsumbua asubuhi anapoanza kukanyaga cherehani, ila likishapata moto anasahau, na mteja akija kulalamika ndiyo anasahau kabisa. Anakusalimu sana. Anauliza kama unakula, na kama unakula, unakula nini, na hicho unachokula nani anakupikia. Nimeandika kama alivyosema.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu ulimi wangu hufunga breki, unajua. Wewe ndiye uliyenibatiza jina la Pembeni, kwa sababu hata kwenye picha ya watu watatu wa familia yetu nilifaulu kusimama pembeni. Na wewe nawe, kaka, usinikasirikie, ukisikia neno "ukuta" kwenye simu, mtandao wako hukatika ghafla. Karatasi haikatiki. Tena kuna picha mbili nataka uzishike mkononi.

Habari inaanzia shuleni. Tumepata mwalimu mpya wa hesabu, mwanamke mwembamba, mrefu, tunamwita Mwalimu Nyuzi. Hakuna kitu anachokiona bila kukipima kwa nyuzi. Mtu akichelewa darasani anaulizwa mlango ameufungua nyuzi ngapi. Nilipomtajia mama, akadhani tumeletewa mwalimu wa ushonaji. Nikamweleza kuwa nyuzi za hesabu ni kipimo cha pembe, na kona ya ukuta ni nyuzi tisini. Mama akasema yeye anazo nyuzi kopo zima, wala hajaona hata mmoja uliosimama tisini, zote zimejisokota.

Mwalimu huyo alitupa kazi ambayo hatukuwahi kupewa. Shule ina kamera moja ndogo, ya zamani, mkanda wake umefungwa fundo. Kila mwanafunzi angeichukua siku moja baada ya masomo na kuirudisha asubuhi, na alitakiwa kuleta picha kumi za pembe alizozikuta nje ya kitabu, kwenye majengo na kwenye ardhi. Wenzangu wengi walipiga goli la mpira, dirisha, meza, wakamaliza kabla ya jua kuinama. Mimi unanijua. Nikipewa kazi ya shule naifanya kana kwamba nitaulizwa siku ya kiyama.

Nilizunguka mpaka soli zikalalamika. Nilipiga ngazi za posta kwa ubavuni, zikatoka kama meno ya msumeno. Nilipiga mapaa ya soko yanavyopanda na kushuka. Nilipiga kivuli cha mnara wa tangi la maji, vile vyuma vyake vinavyokatizana mshazari vikiwa vimelala chini kwenye vumbi, pembetatu juu ya pembetatu. Nilikwenda hadi machimbo ya mawe, pale ambapo mlima umekatwa kama mche wa sabuni, na nyuma yake nikaona matuta ya mashamba yanakutana kwenye mteremko kama miiba ya samaki. Kaka, nimeishi miaka yote hii ndani ya kitabu cha jometri bila kujua. Siku hiyo nilitembea mjini jioni nzima bila kutazama vidole vya miguu yangu. Mchuuzi mmoja aliniuliza napiga picha ya nani. Nikamwambia kona. Akaniangalia kwa huruma, akasema Mungu atanisaidia.

Siku ya kuonyesha kazi, picha ziliwekwa kwenye kompyuta ya walimu, darasa zima likasongamana nyuma. Picha zangu za ardhi zilisifiwa. Ilipofika ile ya jengo la ghorofa nne lililo karibu na posta, Mwalimu Nyuzi akainamisha kichwa, akauliza kama mji unaanguka au ni mpiga picha ndiye aliyelala. Darasa likaangua kicheko. Ningeweza kuingia ndani ya dawati ningeingia. Ni kweli, jengo lilikuwa limeegemea nyuma kama mtu anayepiga mwayo, na lile la ubavuni pake limeegemea upande mwingine.

Wenzangu walipotoka, mwalimu alinibakisha. Alilaza rula mbili sambamba juu ya meza, akaniambia niweke kidevu mezani nizitazame. Kwa mbali zilikuwa zinakaribiana kama zinataka kunong'onezana. Akanieleza kwamba kamera ikiinuliwa uso kutazama juu, mistari iliyosimama wima huanza kuegemeana kama walevi wawili wanaorudi nyumbani. Jengo limesimama, aliyepinda ni kamera. Na kama ndani ya picha hakuna kitu kisichoweza kudanganya, mtazamaji hana njia ya kujua. Nikamwuliza, kwa ile sauti yangu ambayo watu huniomba nirudie, ni kitu gani kisichoweza kudanganya. Akasema uzi wenye uzito mwishoni. Hata mfalme, alisema, hawezi kuuhonga uzi wenye jiwe.

Kengele ililia sikuisikia. Nilikuwa nautazama ukuta wako akilini.

Wewe unaijua hadithi, lakini naomba niipange upya kama ninavyoiona leo. Maktaba mpya ya shule ilikuwa imebaki paa. Wewe ulipewa ule ukuta wa mwisho, unaopanda kwa pembetatu mpaka kileleni na kile kidirisha katikati. Ilikuwa kazi yako ya kwanza bila fundi mwingine kukusimamia. Kamati ya shule ikataka picha ya ukuta kabla ya kuezeka. Simu yako ilikuwa ya tochi tu, kwa hiyo picha nilipiga mimi kwa simu ya mama, nikaituma kwa Mwenyekiti wa kamati. Kesho yake, kwenye kikao, Mwenyekiti aliinua simu yake mbele ya watu akasema ukuta umelala chali kama mtu aliyeshiba, na umeinamia kushoto pia. Ukasema ukuta umenyooka. Akakujibu kwamba picha haidanganyi.

Wakamwita yule fundi tunayemwita Fundi Jicho. Akaja, akafumba jicho moja, akalaza shingo begani, akatangaza kwamba ni kweli umepinda. Mtu akishalaza shingo hivyo, hata mlingoti wa bendera utapinda, lakini nani angesema? Kazi ikasimama. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa unakuita Fundi Kombo, hata watoto ambao kombo hawaijui ni nini. Watu wakasubiri utundike timazi mbele yao umalize ubishi. Hukulitundika. Wakasema basi, mwenyewe anajua. Baada ya wiki ukaondoka, na tangu hapo mama anasema kwako mwiko umekuwa mwiko.

Vitabu bado vipo kwenye maboksi kumi na moja, ndani ya stoo, pamoja na mifagio. Ijumaa naruhusiwa kuingia kukagua mchwa. Nakagua boksi moja kwa saa nzima, maana mchwa wa kwenye vitabu vya hadithi ni wajanja, lazima usome kila ukurasa kuwapata. Mwaka mzima nilikaa chini ya taa mbovu ya stoo nikiamini kwamba ukuta wako umepinda kweli. Picha haidanganyi. Na mwezi huu tukatangaziwa kwamba Jumamosi baada ya mitihani ile pembetatu yote ingebomolewa, tofali kwa tofali, na Fundi Jicho angejenga nyingine.

Siku ile ya rula mbili, zilibaki siku tano.

Mwalimu aliniruhusu kuchukua kamera tena, akasema nimletee picha moja tu, ila iwe imesimama. Nilipita nyumbani, nikatoa timazi kwenye soksi. Shaba yake imepauka kidogo lakini ncha bado kali, na uzi wake bado una zile alama zako za chaki nyekundu. Nikaenda nalo maktabani.

Unamkumbuka mlinzi wa shule, yule anayesema "kumbe!" kwa kila kitu, hata ukimwambia leo ni Jumatatu? Ngazi ipo kwake. Nilimweleza ninachotaka, akasema kumbe. Nikajitolea kupanda, akasema mtoto wa watu hapandi ngazi yeye akiwa hai, baadaye ataulizwa. Nikamwuliza nani atalinda lango. Akaliambia lango lijilinde. Akapanda mwenyewe, anahema, viatu mkononi, mpaka kileleni kwenye ile boriti iliyobaki ya jukwaa lako.

Nilimpa maelekezo yako kama nilivyokuwa nikiyasikia kila siku nikikuletea maji: uzi usiguse ukuta, uuache vidole viwili juu, ukishatulia kapime chini, ukikuta vidole viwili ukuta umesimama. Akapima vidole viwili, akafunga. Timazi likashuka, likazunguka, likayumba, likatulia. Mimi nikachuchumaa chini, nikaingiza vidole vyangu viwili kati ya uzi na ukuta. Vikacheza. Nikaingiza cha tatu. Kikaenea.

Kaka, nilihesabu tena. Vidole viwili juu, vitatu chini. Basi walisema kweli, ukuta umepinda. Nikakaa palepale kwenye kokoto, na mlinzi kule juu anauliza vipi, anauliza vipi. Hatimaye akashuka kuja kuona kama nimeumwa na mdudu. Nikamwonyesha. Akachuchumaa, akatia vidole vyake. Vikaingia viwili, vikajaa barabara, hata karatasi isingepita.

Nilitazama mkono wake, nikatazama wangu. Vidole vyake, kaka, ni vinene kama betri za tochi. Vyangu ni vya kushika kalamu. Nikakumbuka neno ambalo ulikuwa unalisema kila mara nami nikilipuuza kwa sababu lilionekana halina maana: vidole viwili juu, vidole viwili chini, vidole vilevile. Nikamwambia mlinzi kosa lilikuwa langu, nimepima ukuta mmoja kwa watu wawili. Akavitazama vidole vyake, akasema kumbe. Ile ndiyo kumbe ya maana niliyowahi kuisikia kwake.

Tulihamisha uzi mara tatu, na kila mara vidole vilikuwa vyake juu na chini. Ukuta wako haukukosea hata unene wa kucha.

Kisha nikavuka barabara, nikasimama kwenye ukingo wa mfereji, kamera nimeibana kifuani, uso wake sawa na ukuta. Hiyo ndiyo picha ya kwanza iliyomo kwenye bahasha hii. Utaona uzi unashuka kutoka kileleni, unapita katikati kabisa ya kile kidirisha chako, unakigawa mapacha. Ya pili nimeipiga ubavuni. Uone ule ufito wa mwanga kati ya uzi na tofali, ulivyo sawa toka juu mpaka chini, kama pambizo ya daftari jipya. Nilipomwonyesha mama alizishika mbali, akazishika karibu, akasema hii imekatwa kwa kufuata uzi wa kitambaa, ile ya kwanza aliyoiona kwa Mwenyekiti ilikatwa hanamu, mshazari. Mama hajasoma jometri, lakini mikono yake imeisoma.

Mwalimu Nyuzi, ambaye ndiye aliyezichapa picha, aliniambia Alhamisi kuna kikao cha kamati na mimi ndiye nitakayesema. Nilimwomba aseme yeye. Akajibu kwamba yeye hakupima. Kwa hiyo nilisimama mbele ya watu tisa, nikasema maneno ishirini na mawili. Niliyahesabu baadaye. Nikaweka picha mezani.

Mwenyekiti alivaa miwani, akaitazama ya kwanza, akaigeuza miguu juu, akaigeuza tena. Unajua yeye ameendesha malori miaka thelathini, anaamini kitu akikiona kwenye kioo. Fundi Jicho alikuwepo pia, akaichukua picha, akafumba jicho moja. Mlinzi, ambaye alikuwa amesimama mlangoni bila kualikwa, akamwambia afumbue yote mawili, hayalipiwi kodi. Kikao kikacheka mpaka katibu akaangusha kalamu. Ndipo Mwenyekiti akasimama akasema twende.

Tukaenda wote. Timazi lilikuwa bado linaning'inia. Mwenyekiti akataka ngazi. Watu wakamkumbusha umri, akawakumbusha nani mwenyekiti. Alipima juu, akashuka taratibu, akapima chini kwa vidole vyake mwenyewe. Alibaki amechuchumaa muda mrefu kuliko kupima kunavyohitaji. Kisha akasema kumbe, na mlinzi akalalamika kwamba hilo ni neno lake.

Lakini hapo hapakuwa mwisho. Mwenyekiti akauliza nani alipiga ile picha ya zamani. Nikasema mimi. Akanitazama, wala si kwa ukali. Akauliza basi maswali mawili. Kama mimi nilipiga vibaya, mbona kaka yangu, fundi mzima, aliruhusu picha ya namna ile itumwe? Na kama ukuta umesimama, mbona yeye mwenye timazi hakulitundika siku ileile? Akasema fundi anayekimbia ukuta wake anajua kitu ambacho sisi hatukijui, labda msingi, labda mchanganyiko wa saruji. Wakakubaliana kwamba Jumamosi hawatabomoa, lakini hawataweka paa juu ya ukuta ambao mwenyewe ameukimbia. Wakatoa muda mpaka mwisho wa mwezi. Likipatikana jibu, sawa. Lisipopatikana, nyundo.

Mimi nilikuwa na majibu yote mawili, nikanyamaza. Mwalimu alidhani nimechoka, akanisindikiza nyumbani. Sikuchoka, kaka. Ni lile la kooni.

Sasa nimelifikia.

Siku ile uliniambia nivuke barabara, nisimame kwenye ukingo wa mfereji, nibane simu kifuani, nisiinue uso wake. Nilifanya hivyo. Nilipiga picha uliyoitaka. Ilikuwa picha ya kweli, lakini haikuwa na ladha, kama picha ya kitambulisho. Wewe ulikuwa umeshaondoka kwenda kuchota maji ya kuoshea vifaa. Nikavuka tena barabara, nikachuchumaa chini kabisa ya ukuta, nikainua simu juu. Pembetatu yako ikachoma mbingu kama ncha ya mshale. Lilikuwa jambo zuri la kwanza ambalo mikono yangu imewahi kulifanya. Nikatamani mtu mmoja tu aulize nani kapiga picha hii. Nikaituma hiyo, na ile yako nikaifuta, kwa sababu simu ya mama ilikuwa imejaa.

Jioni uliporudi kutoka kikaoni hukunigombeza. Uliniuliza swali moja tu, nilikuwa nimesimama wapi. Nikasema palepale uliponiambia.

Maneno mawili. Ulitazama kiganja chako, ukatikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu la hesabu, ukalitundika timazi nyuma ya mlango. Niliogopa kipigo ambacho wewe hujawahi kunipiga maishani, nikakuachia mzigo ambao sikuuelewa mpaka nilipoweka kidevu mezani mbele ya rula mbili. Watu walisema hukupima kwa kiburi, wengine kwa hatia. Mimi najua sasa. Kama kutoka kwenye ukingo wa mfereji ukuta ulionekana umelala, basi umelala, na jicho lako na mkono wako vilikudanganya tofali baada ya tofali. Uliogopa kulitundika timazi kwa sababu uliniamini mimi kuliko mikono yako. Sikukuharibia kazi tu, kaka. Nilikunyang'anya jicho lako, nikalificha ndani ya soksi.

Naomba unisamehe. Ukishindwa leo, nitaomba tena mwezi ujao, nitaomba kila mwezi, kwa barua, maana kwenye simu nitanyamaza tu. Lakini hata kama hutanisamehe, jua hili: ukuta wako umesimama. Ulikuwa umesimama ulipokuwa unaitwa Fundi Kombo. Umesimama mvua mbili bila paa, bila mtetezi, na mkono ulioujenga unabeba magunia.

*

Hapo juu niliweka kalamu chini, nikaona aibu kukuandikia wewe tu wakati mama yupo chumba cha pili anakanyaga cherehani. Nikaenda nikamwambia yote, na la timazi. Alishona mshono wote mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, ndipo akaweka kitambaa pembeni. Akasema aliyeshona vibaya ndiye anayefumua, na kufumua kunataka mwanga. Akafungua dirisha lote. Baadaye nilimsikia anafuta pua, lakini aliponiita ilikuwa kunipa sabuni nikaoge, maana huwezi kwenda kwa watu na uso wa kilio.

Ilikuwa Jumamosi, ile ambayo wangebomoa. Nilimkuta Mwenyekiti uani kwake anapanga matairi ya zamani kuzunguka bustani. Nilimpa majibu yake mawili. La kwanza, kwamba kaka hakuruhusu picha ile, aliagiza nyingine na mimi nikaifuta. La pili lilitoka kwa sauti ndogo, akaomba nilirudie. Nikalirudia kwa nguvu mpaka mke wake akachungulia dirishani: kaka hakukimbia ukuta, alikimbia uongo wangu.

Alikaa juu ya tairi. Akasema miaka thelathini amefundisha vijana kwamba kioo cha pembeni huonyesha gari la nyuma kuwa mbali kuliko lilivyo, na yeye mwenyewe akasahau somo hilo siku aliposhika simu. Akasema yale maneno ya picha haidanganyi aliyasema mbele ya watu, na mbele ya watu hao hao atayarudisha, kwa mdomo uleule. Ameniagiza nikuandikie kwamba paa litakusubiri, wala hakuna nyundo. Ila anaomba uje ulitundike timazi mwenyewe, kwa vidole vyako. Nilimwuliza kama Fundi Jicho ataudhika. Akasema Fundi Jicho atashika ngazi.

Basi, haya ya mwisho nayaandikia kwenye kaunta ya ofisi ya vifurushi. Nimelifunga timazi ndani ya ile soksi, nimeliviringishia gazeti, nimeweka picha mbili katikati ya kadibodi zisikunjike. Mama ametia shati alilokushonea, na mikono ameiacha mirefu kwa makusudi, anasema utakuja kupimwa. Karani amenyanyua kifurushi akashangaa uzito, akaniuliza nimeweka nini. Nilianza kumweleza habari za uzi na mfalme. Akaandika "chuma", akaniambia nisogee.

Nisalimie wenzako wa ghalani, hasa yule uliyesema anakoroma kwa zamu. Mama anakuombea heri na njia nyeupe. Mlinzi anakusalimu, na ameniambia nikuandikie neno lake moja, bila shaka unalijua. Mwalimu Nyuzi hajakuona bado, lakini anakusalimu kwa nyuzi tisini kamili. Maboksi ya vitabu nayo yanakusalimu. Nimeshayakagua mpaka la nane.

Karani anataka karatasi hii sasa. Nimeomba anisubiri nipige mstari chini ya jina langu, nao nimeupiga bila rula.

Mdogo wako anayekusubiri kwenye ukingo wa mfereji,

Pembeni